Bakuli la Nurto Shuriye

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum, nanyi wengine hamjambo. Leo tunamkumbuka Nurto Shuriye wa Bulla Pesa, Isiolo, aliyezikwa Ijumaa iliyopita. Nurto Shuriye. Wengi wenu mlimjua kwa picha ya gazetini. Picha hiyo ilimdhulumu.

Nurto alikuwa mke wa Kulmiye, mwenye malori ya kubeba mifugo. Miaka ya sabini nyumba yao haikukosa nyama wala mgeni. Alipenda dhahabu, na hakuificha. Binti yake, Istar, anasema mama akienda sokoni, bangili zilitangulia kufika.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa. Mwaka huohuo Kulmiye akafariki, na Nurto akakaa eda. Mjane wa Kiislamu akiwa edani hajipambi, wala hatoki nyumbani bila haja. Dhahabu ikaingia sandukuni, akavaa nguo kuukuu isiyo na pambo. Lakini wafugaji walioishiwa mifugo walikuwa wakiingia mjini na njaa. Basi akawa anapika uji uani, anaketi chini kando ya sufuria, anawagawia kwa bakuli.

Mpiga picha wa gazeti moja la Nairobi akapita, akasimama langoni, akampiga picha. Gazeti likatoka. Sufuria ilikatwa pichani. Walaji walikatwa. Akabaki mjane mwenye nguo kuukuu, amenyoosha bakuli. Chini yake wakaandika: ombaomba wa Isiolo. Alikuwa anatoa, wasikilizaji. Hakuwa anaomba.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini gazeti liliwaambia wenye macho, nao wakatii. Picha ikabandikwa katika hoteli za chai. Haukupita muda, uji ukawa unapoa sufuriani. Wenye njaa waliona haya kula cha maskini.

Lokorio, mfugaji aliyepoteza mbuzi wake wote, alipewa bakuli akalirudisha likiwa limejaa.

"Mama, hii kula wewe na watoto," alisema. "Watu nasema gazeti imeandika wewe hapana na kitu."

Hilo lilimuuma Nurto kuliko picha yenyewe. Watu wangekufa njaa na chakula kipo. Istar akamsihi: "Hooyo, vaa dhahabu yako, simama hapo nje watu wakuone!"

"Siwezi kuvunja eda ya baba yako kwa sababu ya karatasi," mama akajibu. "Fungulia huyu mtu stoo."

Lokorio akaingia, akaona magunia ya mahindi yamepangwa hadi juu. Akatoka, akaketi, akala. Kesho yake akaja na wenzake, na uji ukaanza kuisha tena.

Eda ilipokwisha, Nurto akavaa dhahabu yake, akaenda mtaa wa Wabera kusalimia jamaa. Watu njiani wakafurahi kwa dhati. "Mashallah," wakasema, "wafadhili wamemsaidia!" Lokorio akabisha, akasema ameyaona magunia kwa macho yake. Wakamwambia anyamaze, yeye hajui kusoma.

Wasikilizaji wapendwa, Nurto hakupigwa picha nyingine maisha yake yote. Alikataa.

Istar na jamaa yote ya Kulmiye, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu. Nasi tuliobaki tujipime. Mkisikia mtu anaitwa maskini, hata kwa sauti hii yangu, waulizeni kwanza waliokula kwake.