Spana, Mshona Viti, na Gari la Baba Yake

Ndugu, jamaa na majirani, baba wa marehemu ameshindwa kusimama, kwa hiyo mimi mdogo wake nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya binti yetu, na nikikwama naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1987, mtoto pekee wa makanika na muuguzi, akaletwa nyumbani kutoka wodi ya wazazi katika gari dogo la buluu la baba yake, ambalo hata wakati huo lilikuwa kuukuu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1994 hadi 2000, na sekondari hadi 2004, ingawa walimu walilalamika kwamba madaftari yake yananuka oili, maana kila alipotoka shule alikwenda gereji kumshikia baba yake spana, na ndiko alikopata jina la Spana, ambalo wengi wenu mlimwita.

Mwaka 2007 alihitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa katika karakana ya kushona viti vya magari, na wenzake wanasema alikuwa mtani asiyemwonea haya mtu, hata bosi wake aliwahi kuambiwa naye usoni kwamba tumbo lake linahitaji kiti cha peke yake. Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 2014, wa pili 2018. Mama yake alipofariki mwaka 2016, baba alibaki peke yake na lile gari, limekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba, likiliwa na kutu.

Februari 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani, na alipoambiwa apumzike kazi alikwenda kwa baba yake, akamwambia, tulifufue gari, mimi nitashona viti. Wakalifungua lote, baba akikata kutu na kuchomelea sakafu, binti akiwa kwenye kigoda akisugua bolti kwa mafuta ya taa, na siku ambazo dawa zilimlegeza alilala kwenye kiti cha nyuma akitoa amri. Ombi lake lilikuwa moja tu, azungushwe mtaani akiwa amekaa mbele, wanawe nyuma, na kwa utani akasema haendi popote mpaka gari hilo litoke getini.

Baba yake aliushika utani huo kama ahadi. Machi 2023 daktari alimwita pembeni, akamweleza kwamba dawa hazifanyi kazi tena, na tangu hapo gari likawa haliishi kasoro, leo kabureta, kesho breki, keshokutwa pampu ya mafuta, na kila binti alipouliza kama wiki hii watatoka, alijibiwa, bado kidogo, mwanangu. Sisi tulidhani uzee umeiharibu mikono yake. Kufika Julai marehemu hakuweza kukaa bila kuegemezwa mito, na baba bado yuko chini ya gari.

Tarehe 22 Agosti 2023, saa tano asubuhi, alifariki hospitalini, baba yake akiwa amemshika mkono, na mtaani hakuzungushwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliowapikia watoto, na wenzake wa karakana waliomalizia viti mikono yake ilipoanza kutetemeka.

Baba yake ameniomba niseme mbele yenu kwamba gari lilikuwa zima tangu Machi. Aliliwasha asubuhi moja binti akiwa kliniki, likanguruma vizuri, akalizima, akaifungua pampu kwa mikono yake mwenyewe, akiamini kwamba mwanawe hataondoka kazi ikiwa haijaisha. Mfa maji haishi kutapatapa. Anataka kuomba msamaha, na hajui ampelekee nani.

Kaka, jirani yako ameniambia kwamba aliisikia injini asubuhi ile, akamwambia binti yako siku hiyo hiyo. Naye alimsihi anyamaze, akasema, mwache baba, akimaliza gari atabaki akinitazama mimi tu. Na kila wiki akaendelea kukuuliza kama mtatoka, ili upate cha kumjibu.

Lala kwa amani, Spana.