Jezi Nonante-deux, Ile Nilikataa Kufula

Miaka seize, kumi na sita. Bienaimé Birindwa aliingia katika timu yetu, Bisons ya Laeken hapa Ubelgiji, mwezi wa tatu 2010, akiwa na miaka dix-neuf, kumi na tisa, na jezi yake ni nonante-deux, tisini na mbili. Siku ya yenga, jumapili, tarehe quatorze, kumi na ine ya mwezi wa sita 2026, kisha match ya mwisho, atavua kaske ya kichwani na hataivaa tena. Kocha Constant ameniomba nitoe maneno ya kumuaga katika programme hii, juu mimi njo mukubwa kwa umri kati ya wote wanaofanya kazi hapa. Ninafula majezi ya timu, sasa ni miaka tisa. Hayo maneno niliyakataa mara mbili. Sikusoma, mujukuu wangu Kelly njo anashika kalamu. Lakini sikukataa juu ya kalamu. Nilikataa juu ya haya, aibu ya kitu nilifanya. Nitaifikia.

Wale watakaokuya siku hiyo kwa mara ya kwanza wajue kazi yake. Katika football hii ya Wamarekani kuna yule anayetupa mupira, na mbele yake wanaume watano wamesimama kama ukuta. Bienaimé hatupi, hapokei, hakimbii na mupira. Anainama, mukono moja chini katika majani, anangoja. Mupira ukitikisika tu, anaingia katika ule ukuta na kumuangusha mwenye kutupa mbele hajaitupa. Amewaangusha mara cent douze, mia moja na kumi na mbili. Mara tatu walimuchagua mulinzi bora wa Ubelgiji. Na katika miaka yote hiyo mupira wenyewe ameushika mara mbili. Mara ya pili alimurudishia arbitre mwenye filimbi palepale, kama muntu ameokota mutoto wa wengine njiani.

Kazi yake ya siku zingine ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitali. Lundi, jumatatu, anabeba watu polepole, dimanche, jumapili, anawaangusha. Mwaka 2014 mupinzani moja alivunjika mbavu katika mikono yake. Kesho yake asubuhi analala kwenye kitanda cha kwenda scanner, anageuza kichwa, anaona nani anasukuma? Alipiga kelele: "Ah non! Si yeye tena!" Bienaimé akamuambia: "Tulia, chef. Leo niko upande wako." Mupaka leo huyo mupinzani anamutumia carte kila Noeli.

Aliyemuleta katika timu ni marehemu bwana yangu, Polycarpe, aliyekuwa akichunga vifaa. Alimukuta kituo cha treni, Gare du Nord, escalator, ngazi ya umeme, imekufa, kijana anapanda ngazi na frigo, friji nzima, mugongoni, peke yake. Polycarpe akamuuliza: "Weye mutoto wa nani?" "Wa Birindwa wa Kadutu, kule nyumbani, papa." "Alors tua hiyo frigo. Nina kazi yako." Tangu pale wakawa baba na mwana. Mbele ya kila match Bienaimé alikuwa anainamisha kichwa, na Polycarpe anamupakaa mafuta nyeusi chini ya macho na kidole gumba, moja huku, moja huku. Wachezaji wanaifanya ili jua isiwapige machoni. Mimi sikujua. Sikuwa ninafika kiwanjani. Nilisema ni wanaume wazima wanapigania yai, vile mupira wao unafanana.

Polycarpe alikufa jeudi moja, alhamisi, ya mwezi wa tano 2017. Dimanche tukakaa matanga katika salle ya paroisse, ukumbi wa parokia. Salle imejaa, wamama wanaimba, photo yake iko kwenye meza na mishumaa. Mara mulango unafunguka. Bienaimé anaingia, viatu vya udongo, jezi nonante-deux inatota jasho, na nyeusi chini ya macho. Alitoka kucheza demi-finale, nusu fainali.

Nilisimama. Muniachie niyaseme vile niliyasema, juu wengi wenu mulikuwa pale. Nilisema: "Angalieni huyu! Mukubwa wake amelala, yeye amejipakaa masizi sawa siku ya carnaval! Ulitoka kucheza? Rudi kucheza! Mutoto bila haya, mulango yangu usiivuke tena, hata siku nitakufa!" Kuna muntu alicheka. Bienaimé akaniinamia kichwa, akatoka. Binti yangu Claudine aliniambia kisha kwamba alibaki inje katika mvua, anapanga viti katika camionnette, ile gari ya mizigo, mupaka wa mwisho wetu akaenda.

Juma lililofuata nilichukua kazi ya Polycarpe ya majezi, juu nyumba ilikuwa kimya sana. Majezi ni quarante-quatre, arobaini na ine. Nilifula quarante-trois, ikabaki moja. Nonante-deux niliirudisha katika mufuko na udongo wake, kila mara, mupaka mwezi wa tatu wa mwaka wa kufuata. Bienaimé mwenyewe aliipeleka kwake, akaifula katika bassine, akakuya nayo imejikunja, anasema "Bonjour, koko," sawa muntu anasalimia bibi yake, basi. Finale ya mwaka ule wa 2017 walishinda. Ni kombe moja tu katika maisha yake yote ya mupira. Photo yake iko buvette, pale pa kuuzia vinywaji, karibu na frigo, muende muiangalie. Kati ya majezi yote yaliyonyooka, moja ina makunyanzi. Ile makunyanzi ni ya mukono wangu.

Mwezi ule wa tatu nilitoa koti ya Polycarpe ya baridi, niipeleke paroisse. Kopo ndogo ikaanguka kutoka mufukoni. Ndani, mafuta nyeusi, na katikati alama ya kidole gumba. Nilimupelekea Constant: "Hii ni kitu gani?" Alikaa kwenye banc ya vestiaire, kule wachezaji wanavalia, akaniambia yote. Kwamba kidole ni cha bwana yangu. Kwamba juma lile la mwisho, hospitali, Bienaimé njo alikuwa anasukuma kitanda chake, na Polycarpe akamushika mukono: "Hata nikikufa, dimanche ucheze. Kisha usioge. Kuya mbio uniambie score." Donc siku ile hapakuwa tena muntu wa kumupakaa. Alijipakaa mwenyewe, akacheza huku analia, akakuya mbio vile alivyotumwa. Alikuwa analetea mukubwa wake score. Mimi nikamufukuza mbele hajaisema.

Tangu siku ile nonante-deux ninaifula ya kwanza, peke yake, kwa mukono, na ninaipiga pasi mupaka kola. Lakini kinywa? Miaka nane kinywa kilikataa. Nilijiambia mukubwa haombi musamaha kwa mutoto. Ni uongo nilijipikia mwenyewe ili nipate usingizi.

Na yeye alishika neno langu kuliko mimi. Mwaka 2021 mashine yangu ya kufula ilikufa. Bienaimé alibeba ile mupya mugongoni mupaka étage ya tatu, gorofani kwangu, akaitua kwenye paillasson, kitambaa cha kupangusia miguu, palepale mbele ya mulango. Mwenzake Hénock akamuambia: "Sukuma basi, grand! Imebaki mètre moja!" Bienaimé akajibu: "Mimi ninaishia hapa. Maliza weye." Hénock alipigana na ile mashine dakika ishirini, anatukana kwa Lingala, na Bienaimé anamuonyesha njia akiwa kwenye ngazi: "Gauche! Kushoto! Inua! Si ukuta, ukuta haina kosa!" Nilikuwa nimesimama katikati yao, ninaangalia sakafu. Neno moja lingetosha: ingia. Sikulisema. Niliwapa maji, yake akainywea inje.

Huyo njo muntu anayetuacha. Mbele yake ukuta ya wanaume watano haikusimama hata mara moja, lakini mulango ya mwanamuke muzee, isiyofungwa hata na ufunguo, aliiheshimu miaka tisa.

Bienaimé, timu yote inakushukuru. Magoti yako yapumzike, dimanche ulale mupaka misa ya pili, wagonjwa wakusikie unakuya na wafurahi, na uzee ukukute polepole sana.

Sasa mimi, Mathilde, muke wa Polycarpe. Nilikufukuza mbele ya watu, kwa hiyo ni mbele ya watu ninaondoa maneno yangu. Nilikosea. Kisha nikajua nimekosea, nikanyamaza, na hiyo ya pili njo mbaya zaidi. Unisamehe, mutoto yangu.

Tarehe quatorze, mbele ya match, nitakuwa vestiaire na kopo mupya. Ile ya Polycarpe siigusi, kidole chake kingali ndani. Uinamishe kichwa, nitakupakaa mimi, moja huku, moja huku.

Kisha match, sombe, majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo, vitakuwa kwa moto. Usioge. Kuya vilevile, na udongo wako na nyeusi yako, étage ya tatu, uvuke mulango. Photo ya Polycarpe iko kwenye meza. Umuambie score.