Domitila Magese Alikijua Kilichomuua

Domitila Magese alizaliwa hapa Migato, Itilima, tarehe 9 Juni 1987, msimu wa kuvuna pamba. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Magese na Mama Evalina.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Bariadi mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikopata shahada mbili za biolojia.

Kuanzia 2014 alifundisha chuo jijini Mwanza. Katika maabara alichunguza jinsi bakteria anavyotoa protini nje ya mwili wake. Protini ni mnyororo mrefu. Ukijikunja mapema, haupiti kwenye tundu jembamba la utando unaomzunguka bakteria. Zipo protini nyingine zinazoushika usijikunje na kuusindikiza hadi mlangoni. Domitila aliziita wapambe. Likizo moja alimweleza mama yake, aliyekuwa akishona shuka.

"Mayu, ni kama vidole vyako hivyo. Uzi ukipiga fundo, hauingii kwenye sindano."

"Yaani umesoma mpaka ukavaa miwani, kumbe unatafuta vidole vya vijidudu?"

Domitila alicheka hadi machozi. Lakini kazi yenyewe haikuwa mzaha. Sumu ya kipindupindu nayo ni protini, na haimdhuru mtu mpaka itoke ndani ya bakteria. Alitaka kujua kama mlango ule unaweza kuzibwa.

Tarehe 12 Novemba 2016 alifunga ndoa na Salvatory, mfanyabiashara wa samaki wa Lamadi. Walijaliwa watoto wawili, Winnie na Marcelo.

Kuhusu ugonjwa, kikao cha ukoo kilitaka iandikwe kwamba aliugua ghafla, basi. Haitaandikwa hivyo. Jumamosi tarehe 18 Januari 2025 alikuja kwenye harusi ya binti wa baba yake mdogo, Mzee Paschal. Jumapili alianza kuharisha na kutapika, na wageni wengine wawili vilevile. Alijua papo hapo.

"Baba mdogo, hiki ni kipindupindu. Watangazie watu, kisima cha hapa kifungwe, nipelekwe hospitali."

"We Domitila! Wakwe zetu wapo uani, unataka waseme tumewalisha uchafu? Tumbo la nyama tu hilo."

Akafungiwa chumba cha ndani ili wakwe wasimwone. Aliomba maji ya chumvi na sukari; akaletewa soda. Aliomba simu ampigie mumewe, akaambiwa apumzike. Wakwe walipoondoka Jumatatu jioni ndipo gari likatafutwa. Alifariki hospitalini Jumanne alfajiri, tarehe 21 Januari, na vipimo vikathibitisha alichokisema. Mtu aliyekijua kijidudu hiki kuliko sisi sote alinyamazishwa kwa sababu ya heshima ya pilau.

Anazikwa hapa, si Lamadi kwa mumewe, kwa kuwa mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu hausafirishwi. Hata asubuhi hii msibani, wapo wanaoambiwa ilikuwa malaria. Na maji yaliyomo kwenye mapipa pale jikoni yametekwa kwenye kisima kilekile.

Domitila ameacha mume, watoto wawili, mama, ndugu wanne, na wanafunzi wengi. Ameacha pia wagonjwa wawili wa harusi ile, ambao mpaka sasa wamelala majumbani kwa aibu. Wapelekwe hospitali leo, kabla ya matanga.

Yeye, Mungu ampumzishe. Sisi tuliobaki, tusinywe maji yale.