Biringanya Alizonunua Babu

Aliyeniambia wa kwanza ni Blandine, anayeuza mboga sokoni Mulongwe. Aliniita pembeni akasema: "Noella, mzee wenu amepita kwangu. Amechagua biringanya tatu, anazibonyeza moja moja kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Halafu akavuka barabara, akanunua na kamba." Biringanya nilizielewa. Kamba ndiyo iliyonitia hofu. Tangu tumzike mama mkwe wangu, Pudentienne, baba mkwe anagusa chakula kidogo na kurudisha sahani. Binti yake Déborah anapiga simu kila mara kutoka Luberizi: anataka baba aje kukaa kwake. Niliporudi nyumbani nilikuta godoro lake limekunjwa, limefungwa kwa kamba mpya, limesimamishwa nyuma ya mlango. Biringanya zilikuwa kwenye beseni, karibu na thermosi zangu za kahawa. Hakuniambia nizipike. Kwetu baba mkwe hamwagizi mke wa mwanawe chakula, na mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe. Jina lake pia silitaji. Namwita Babu, kama mtoto wangu Irakoze anavyomwita.

Mbele ya mlango wetu kuna ubao mrefu ulioletwa na mto Mulongwe siku ulipofurika. Hakuna aliyekuja kuudai. Wanaume wakauwekea mawe, ukawa benchi, nami nikaanza kuuza kahawa hapo. Jumamosi ile walikuwapo watu wa kila siku: Bruno, tunayemwita Kapiteni kwa sababu alifanya kazi kwenye mitumbwi ya injini inayokwenda Baraka; Cyprien, jina lake Gavana, kwa sababu ya koti asilolivua hata kwenye jua; na Pitchou, ambaye ni Betri, kwa kuwa anachaji simu za mtaa mzima. Mwisho wa ubao alikaa Babu, kikombe mkononi, kimya.

Kapiteni: Mama Irakoze, hizi biringanya ziko za nani?

Mimi nilitazama thermosi.

Betri: Ziko za Mzee. Si unaona Mama Irakoze anaona haya?

Kapiteni: Basi leo tunakula! Weye Gavana, unakumbuka ile sahani ya Jumapili?

Gavana: Nani anaweza kuisahau? Mama Pudentienne anatoka misa ya kwanza, anavua viatu, anabadilisha kitenge, anaingia mu jikoni, anafunga mlango. Sisi hapa tunaongea politiki.

Betri: Mulikuwa munangoja harufu.

Gavana: Tulikuwa tunaongea politiki na pua.

Babu alicheka kidogo, ndani ya kikombe.

Kapiteni: Ile sahani ya bati, iko na maua nyekundu pembeni. Inatoka mu ule mlango, inapita hapa juu ya ubao, mukono kwa mukono. Ikifika kwa Betri, inabaki maua tu.

Betri: Minye nilikuwa mtoto! Nilikuwa nakua!

Gavana: Ulikuwa na ndevu.

Kapiteni: Mama Irakoze, unajua kuzipika?

Nilitikisa kichwa. Mimi ni mtu wa Mulenge, juu milimani. Nilikua kwa maziwa, maharage na viazi. Biringanya nilianza kuziona nilipoolewa huku chini ziwani, na kila Jumapili mama mkwe alizipika yeye mwenyewe. Alinituma bombani kuchota maji. Nikirudi, kazi imeisha. "Utajifunza tu," alikuwa akisema, "biringanya hazikimbii."

Kapiteni: Iko rahisi. Unaiweka juu ya makala ya moto, nzima, mpaka inaungua. Kwa nyuma ya mutumbwi tulikuwa na mbabula kidogo, jiko ya makala. Mawimbi inatupa huku, inatupa kule, biringanya inajigeuza yenyewe.

Gavana: Kuunguza! Hiyo ni chakula ao ni takataka? Biringanya iko na hasira, ile uchungu yake. Unaikata, unaitia mu maji ya chumvi, hasira inatoka. Mama yangu, wakati tulikuwa tunaishi mu mashamba ya miwa, alikuwa anaiacha mu maji mpaka anamaliza rozari.

Betri: Rozari yote?

Gavana: Yote. Na litania.

Kapiteni: Kumbe ndiyo sababu mulikuwa mumekonda.

Betri: Ninyi wazee hamujui. Shida iko kisu. Chuma ikigusa biringanya kunapita courant, ule umeme, ndiyo maana inakuwa nyeusi. Unatakiwa kukata na uzi.

Gavana: Courant! Huyu ametoka mu simu, ameingia mu sufuria.

Betri: Jaribu! Chukua biringanya mbili, pigilia misumari, funga waya, radio inaimba.

Kapiteni: Basi courant ikikatika Uvira nzima, tumutafute Blandine sokoni.

Gavana alisubiri wamalize kucheka, akavuta koti lake, akashusha sauti.

Gavana: Siri ya ile mama minye ninaijua. Alikuwa anaongea nazo. Nilisikia na hii sikio yangu, mlango umefungwa. Alikuwa anazisemesha Kirundi, polepole, kama anabembeleza mutoto. Biringanya zilizoea. Sasa huyu bibi yetu wa Mulenge akiingia na Kifuliiru yake, zitakubali kuiva?

Betri: Zitaomba mutafsiri.

Nilijificha nyuma ya kitenge nikacheka, Irakoze naye akacheka bila kujua sababu.

Kapiteni: Tuache mchezo. Mzee, weye ndiye uliishi na mupishi. Mu ile sahani mulikuwa ndagala, zile samaki kidogo? Mulikuwa mawese?

Babu: Ilikuwa inakuja mu sahani. Minye nilikuwa nakula.

Kapiteni: Lakini ndani mulikuwa nini?

Babu: Mulikuwa moshi. Mengine sijui. Nakumbuka ule moshi.

Alitazama mlango wa jikoni. Kisha akasema, kama anakiambia kikombe:

Babu: Nilitaka niionje mara moja tena, ndiyo niende.

Gavana: Uende wapi?

Babu: Luberizi. Kwa Déborah. Kesho watakuja kunitwaa.

Mimi niliwaza mtoto, ambaye hapati usingizi ila begani kwa Babu. Niliwaza nyumba. Mume wangu Itangishaka yuko Kalemie kwenye useremala, anarudi kazi inapomruhusu. Babu akiondoka, sauti ya mwisho ya ile Jumapili ya zamani itaondoka naye.

Pikipiki ikasimama. Dereva akajitambulisha kwamba anaitwa Herménégilde, ametumwa na Déborah kuangalia mzigo ulivyo, kama utapanda safari moja. Nilimpa kahawa, akanywa akiwa amesimama. Watu wa ubaoni hawakumwacha apumzike. Kila mmoja alimvuta upande wake, huyu makaa, huyu chumvi, huyu uzi. Alisikiliza mpaka akamaliza kikombe.

Herménégilde: Na huyo mama mwenyewe, yeye alikuwa anakula yake namna gani?

Gavana aliangalia kifungo cha koti. Betri alishika simu ya mtu, akaiweka.

Gavana: Alikuwa anakula... mu jikoni.

Herménégilde: Ninajua mu jikoni. Nimeuliza namna gani. Alikuwa anazipenda?

Wote waligeuka kumtazama Babu.

Babu: Sikumuona hata siku moja.

Niliinua thermosi ili niwaongezee, wapate cha kufanya na mikono yao. Ilikuwa tupu. Niliinua ya pili, nayo tupu. Waliondoka mmoja mmoja bila kuagana vizuri. Herménégilde alisema atarudi asubuhi.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Nilikula na mama mkwe jikoni, kwenye beseni moja, tangu nilipoolewa. Lakini mbele ya wanaume wote wale, na mbele ya Babu, ulimi haukunyanyuka.

Kesho yake asubuhi, kengele ya misa ya kwanza ilipolia, niliitoa mbabula jikoni nikaiweka uani, pale Babu anapokaa kuvaa viatu. Niliweka biringanya zote juu ya makaa, nzima. Sikujua zinachukua muda gani. Moja ilipasuka ikanitisha, Irakoze akapiga makofi. Ngozi ilijikunja ikawa nyeusi, maji yakadondoka kwenye makaa, na moshi ukapanda. Babu akatoka nje na kiatu kimoja mguuni.

Nilimenya, vidole vikaungua. Nyama ya ndani niliiponda na kitunguu, chumvi na mawese kidogo, nikaitia kwenye ile sahani ya maua mekundu, nikampa kwa mikono miwili. Alionja. Alionja tena.

"Chumvi imezidi," alisema.

Sikukimbilia jikoni kama siku zote. Nilileta kigoda cha mama mkwe, nikakaa mbele yake. Nilichukua ngozi zilizoungua, nikazinyunyizia pilipili, nikazifunga ndani ya tonge la bugali uliolala, nikala. Nilitafuna, naye ananitazama.

"Unakula nini, mtoto wangu?"

"Ngozi, Babu. Hivi ndivyo alivyokula yeye. Ninyi aliwapelekea nyama ya ndani, ngozi akabaki nazo. Alikuwa anafumba macho."

"Alikuwa anazipenda?"

"Alinikatia nusu. Nikitaka kuongeza, alinipiga mkono."

Babu alicheka, na mara hii kicheko hakikuingia kwenye kikombe. Akanyoosha mkono. Nilimpa tonge. Alitafuna polepole, macho yakiwa kwenye mlango wa jikoni uliokuwa wazi.

"Ndio huu," alisema. "Ndio ule moshi. Kumbe utamu alikuwa anaubakiza jikoni."

Honi ikalia barabarani. Kapiteni na Gavana, waliokuwa wamekwisha kukaa kwenye ubao kwa sababu ya harufu, walisimama kumwangalia Babu. Babu aliinua mkono, mdomo umejaa.

"Herménégilde, ngoja! Ninakula!"

Alikula mpaka maua mekundu yakaonekana. Kisha nilimsikia akisema: "Mwambie Déborah nitakuja kumusalimia wakati wa kuvuna muchele. Mutoto wangu wa huku bado anajifunza chumvi."

Sikungoja zaidi. Niliingia ndani, nikafungua kamba ya godoro, nikaifunga kutoka mlango wa jikoni hadi dirisha la Babu, na nikaanika nguo za Irakoze.