Vimulimuli Machoni

Ndani ya basi la Winnipeg, Odette alijifanya anatazama theluji dirishani, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Mama mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa amemwona msichana aliyeketi kando yake akimeza kidonge cha uzazi wa mpango.

"Mwanangu, dada yangu alimeza vidonge hivyo hivyo, damu ikamganda mguuni."

"Pole, mama. Lakini mimi nimepimwa presha, na sivuti sigara. Daktari kasema hatari yangu ni ndogo."

"Hata ndogo ni hatari."

"Na mimba je? Nayo hugandisha damu, tena kuliko vidonge."

Mama akakuna kidevu, hilo hakulijua. "Haya, daktari wa basi. Na kichwa kikikuuma, huoni vimulimuli machoni? Wenye hivyo wakimeza vidonge hivi ndio huogopewa kiharusi."

"Niliulizwa. Sivioni."

Odette alikuwa akiviona karibu kila mwezi, na vidonge kama vya msichana yule vilikuwa mkobani mwake. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Basi likasimama. Wale wawili wakashuka wakiendelea kubishana huku wakikanyaga barafu. Odette naye akashuka, kituo kisicho chake, akiita, "Samahani, mama! Umesema vimulimuli?"