Mzee Waya na Pikipiki Iliyochemsha Betri

Marehemu babu yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Waya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani. Alisoma kuanzia 1959 hadi 1966. Katikati ya masomo alifukuzwa kwa kuifungua kengele ya umeme ya shule ili aone inalia kwa nini. Alirudishwa alipoifunga tena, ikalia kwa nguvu kuliko zamani.

Tangu 1970 hadi alipostaafu mwaka 2006 alikuwa fundi wa taa za barabarani. Pikipiki yake nyekundu aliinunua 1975.

Tarehe 9 Desemba 1978 alimuoa bibi yetu. Bibi harusi alitoka kwao kilimani amekaa upande juu ya pikipiki hiyo, gauni kalikusanya mapajani, shangazi zake wanapiga kelele, "Mshike huyo, asije akakudondosha!" Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2022 madaktari walisema moyo wake umechoka. Akamwahidi bibi kumpeleka kwao mara moja tena, kwa pikipiki ileile, kabla mwili haujakataa. Akaipaka rangi upya, ikameremeta. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Betri ilichemka mpaka maji yakakauka, balbu zikaungua. Alibadilisha betri, akabadilisha na regyuleta, kifaa kinachozuia chaji isizidi. Wapi! Wapo waliomshauri aiuze kama chuma chakavu. Katika zama hizi za kutupa kila kilichozeeka, yeye aligoma: kilichombeba bibi harusi hakipimwi kwa kilo!

Asubuhi moja ya Juni 2023 alikaa uani kwenye kigoda, injini inanguruma, bibi ameshika nyaya za mita ya kupimia umeme.

"Waya mmoja weka kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bati la regyuleta. Inasoma ngapi?"

"Mbili na ushei."

"Ilitakiwa sifuri."

Bibi akainama, akachungulia. "Mzee, hata huku nyuma ya regyuleta ulipaka?"

"Nilipaka kote, mama. Nilitaka ukipanda upendeze."

"Umenipendezesha mpaka umeme umekosa pa kupita!"

Walicheka hadi mzee akapaliwa. Ndiyo hivyo: rangi ilikuwa imeitenga regyuleta na chuma cha fremu, ikawa haijui betri imejaa. Aliifungua, akakwangua rangi kwa kisu sehemu ndogo kama ukucha, akaifunga tena. Walipopima betri yenyewe, mita ikatulia kwenye volti kumi na nne.

Jumapili yake walipanda kilimani polepole, taa inawaka mchana kweupe, bibi kamkumbatia kiunoni. Walikaa kizingitini mwa nyumba ya wakwe zake mpaka jua likapunguza makali. Hakuendesha tena.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Bibi alipoulizwa angependa nini kiandikwe hapa, alijibu, "Andikeni aliahidi, akanipeleka."

Mungu ampe pumziko jema.