Mstari wa Mtu wa Mwisho

Mwanamke wa siti ya mbele yangu aliangalia simu akapiga kelele, "Amekubali!" hadi dereva wa basi akatazama kioo. Fundi cherehani aliyekaa naye, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akasema, "Hongera, mwanangu. Harusi lini?"

"Si mchumba, baba. Ni mstari." Akaeleza, nami nikaacha kujifanya nasoma. Yeye na wenzake wa kujitolea wameandika programu ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata. "Ni kama karani wa dirishani. Unamwomba faili, anaingia stoo, anakuletea." Mradi mkubwa wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, ulitaka kuiingiza kwake, ila kila aliyeiandika lazima aridhie. Thelathini na mmoja waliridhia upesi. Wa mwisho, aliyeandika mstari mmoja tu wa programu hiyo, alikuwa kapotea. Barua pepe nane, kimya. Ya tisa imejibiwa sasa hivi. "Tumeingia, baba! Tumeingia!"

"Mstari mmoja?" Fundi alikunja uso. "Ungeufumua, ukaushona mwenyewe."

"Nifumue kazi ya mtu kwa sababu hapatikani?"

"Ndiyo!"

"Sifumui!"

Walibishana vituo viwili. Abiria wa nyuma walikuwa upande wa fundi. Mimi, nisiyejua hata kutega alamu, nilikuwa upande wa mwanamke.

Basi likasimama. "Haya, huo mstari unasemaje?" fundi aliuliza, bado amenuna.

Mwanamke alikuwa keshafika mlangoni, anacheka. "Unasema, ukikosa jibu, subiri kidogo, kisha jaribu tena."